Kabla ya Saa Tisa

Nkubu,
14 Januari 2025

Mama mpendwa,

Hujambo huko kwenye joto? Magoti je, yanakufikisha kanisani bila kupumzika njiani? Kaka Nyamu na mkewe natumaini ni wazima, na mbuzi wako pia. Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu imetuingia hadi ndani ya blanketi. Kananu alikohoa wiki nzima, sasa ameacha. Wajina wako ana meno mawili ya chini na anayatumia. Ukimnyonyesha huwezi kusinzia.

Najua utashangaa kupata barua na mimi nina simu. Mama, wewe ukipokea simu unaiweka kwenye spika kwa ajili ya masikio, na boma lote linanyamaza kusikiliza. Juzi nilikuambia nimechoka, na kabla chai haijachemka mke wa Nyamu akanipigia kuniuliza nimechoshwa na nini. Haya ya leo si ya boma. Nimempa Wambeti, atakuletea akimaliza kuuza ndengu hapa sokoni, na jibu mpe yeye akija tena. Soma ukiwa peke yako.

Ni ile pesa ya nyonga.

Unajua tangu pikapu ya Baba Kananu ilipopinduka na miraa ya Maua mwezi wa nane, daktari wa mifupa alisema nyonga ya kulia imesagika na lazima awekewe ya chuma. Gharama yote ni laki nne na elfu ishirini. Tuliuza pikapu kama vyuma, kanisa likafanya harambee, tukafika laki mbili na elfu thelathini. Daktari ametuandika tarehe kumi na tano mwezi wa nne. Amesema tukipita hapo mfupa utakuwa umejishika vibaya, na yeye hataahidi kitu. Tarehe hiyo ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Sasa Baba Kananu, huyu Salesio wangu, ameamua kuzizalisha. Anasema zikikaa benki hadi mwezi wa nne zitakuwa ni zile zile na nauli ya kwenda kuzitoa. Kuna dereva mwenzake wa zamani ambaye siku hizi anakaa nyumbani akinunua na kuuza hisa za kampuni za Nairobi kwa kompyuta. Alikuja Krismasi, akalala hapa siku tatu akimfundisha. Kwa simu haiwezekani; ile yake kubwa ilipondeka kwenye ajali na sote wawili sasa tuna kabambe, za kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo kompyuta.

Ungeona sebule yangu. Fundi alileta meza yenye ubao chini unaounganisha miguu, na Salesio hawezi kukunja ule mguu, lazima aunyooshe mbele. Siku ya kwanza aliugonga, akauma mkono wa shati. Nilienda kwa Ann jirani nikaazima msumeno wa mume wake, nikaukata ubao mwenyewe na mtoto mgongoni. Meza inayumba kidogo, nimeikazia kwa vibao pembeni. Skrini ni mbili, tulizinunua kwa Njiru aliyefunga saiba yake ya intaneti: moja ya ile michoro ya bei inayopanda na kushuka, ya pili ya kuagiza. Mwanga wa dirisha ulikuwa unapiga kwenye kioo, nimetundika leso yangu. Kuna betri ya kushikilia stima ikipotea, na stima ikipotea inalia pii, pii, na mtoto anaamka. Na kiti, Mama, ni kile cha dereva, cha pikapu yenyewe. Alikuwa amekihifadhi. Fundi amekiwekea miguu ya mbao.

Vyote vimekula elfu thelathini na nne, na zimetoka kwenye hizo hizo.

Nilipaswa kusema la. Lakini alipokaa kwenye kile kiti akavuta kibodi karibu, ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane kumwona amekaa kama mtu aliye kazini. Midomo ilikataa kusema la. Nimekosea? Niambie bila kunionea huruma.

Mwanao,
Veronicah


Ishiara,
18 Januari 2025

Veronicah mwanangu,

Pokea salamu zetu. Magoti usiyaulize, yanajua umri wao. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Msalimie Kananu, na wajina wangu umwambie jina hilo halikupewa watu wa kuuma.

Barua nimeisoma chooni, ndiko kuna mlango wenye komeo.

Hisa mimi sizijui. Baba yako aliwahi kuambiwa anunue akakataa kwa sababu hakuona zimewekwa wapi. Lakini umeniuliza kama umekosea. Hukusema la, basi ulisema ndiyo. Sasa kaa macho. Umefika kidato cha nne, hizo skrini zina namba, na namba si za wanaume.

Mimi siwezi kuongea naye. Unajua Salesio alivyo na heshima zake za mkwe, na mimi nilivyo na zangu. Nilipokuja kuona mtoto, alitoka nikaingia, akakaa kwa ng'ombe na koti lake la harusi mvua ikimnyeshea, mpaka nilipoondoka. Mimi na yeye tunaulizana habari za mvua na watoto, tukiwa mbali. Pesa nitaanzia wapi?

Andika tena.

Mama yako


Nkubu,
4 Februari 2025

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri na hao mapacha wanashiba. Huku tuko salama wa mwili. Ndengu ulizotuma tumezipokea, Kananu anazila hata bila chumvi.

Nimekaa macho ulivyosema, na nitakueleza ninachoona.

Soko linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa. Saa mbili na nusu amenyoa, amevaa shati la kola. Nimemwekea chai upande wa kushoto kwa sababu kulia ndiko mguu uliko. Ananunua asubuhi hisa za elfu hamsini hivi, za kampuni moja au mbili. Halafu anaangalia. Haongei. Watoto wanakaa jikoni nami, na wajina wako akilia ninatoka naye hadi kwenye migomba.

Saa nane na nusu anaanza kutokwa jasho. Kabla ya saa tisa ameuza zote. Zimepanda, ameuza. Zimeshuka, ameuza. Zimekaa pale pale, ameuza. Kesho yake ananunua tena, siku nyingine zile zile za jana.

Nilimuuliza, "Baba Kananu, kwa nini usiziache mpaka kesho?"

Akaniangalia kama nimemwambia aache mtoto barabarani. "Zilale?"

"Zilale tu. Kwani zitaoza?"

"Veronicah, mimi miaka tisa sijawahi kulala na mali. Ukilala nayo asubuhi unawapelekea mbuzi. Nimekimbiza gari kutoka Maua saa kumi usiku ili mtu wa Nairobi atafune kabla ya saa sita, na unataka nianze kulala nayo leo?"

"Hii si miraa."

"Kila kitu kinachouzwa ni miraa. Tofauti ni saa tu."

Wiki ya kwanza kuna siku alipata mia tisa. Tulinunua nyama, akamwita Ann na mume wake, akawaonyesha mchoro, akacheka mpaka akashika nyonga. Tangu siku hiyo hatujaona mia tisa nyingine. Nikimuuliza zimebaki ngapi anasema, "Ziko kwenye mzunguko."

Mama, kila siku inayopita naihesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe kumi na tano. Leo zimebaki siku sabini. Usiku anageuka kitandani mara moja tu, kwa sababu kugeuka mara ya pili kunamuuma, na mimi nasikia akingoja kupambazuke.

Mwanao,
Veronicah


Ishiara,
8 Februari 2025

Kwako mwanangu Veronicah,

Tuko wazima, na natumaini nanyi. Huku kumekauka, hata mbwa anatafuta kivuli cha kuku.

Nimefikiria mambo ya mkwe wangu nikipepeta ndengu. Mimi ndengu zangu nazipaka majivu, naweka kwenye pipa, nafunga. Mwezi wa saba kila mtu anauza, bei haifai hata kuitaja. Mimi ninakaa. Mwezi wa kumi na moja wanakuja wenyewe mpaka mlangoni. Nimewalea hivyo, na wewe karo yako ya sekondari ilitoka kwenye hilo pipa. Sasa mtu ambaye ananunua asubuhi na kuuza jioni, kila siku, mimi swali langu ni moja. Hapo katikati yuko dalali, si ndiyo? Huyo dalali anakula nini? Wambeti akiniuzia gunia anachukua chake. Nikilinunua tena kesho kupitia kwake anachukua tena. Nikifanya hivyo mwezi mzima, mwishowe gunia ni la Wambeti.

Tafuta dalali anakula ngapi. Usimuulize Salesio, tafuta wewe. Halafu fanya hesabu kwenye karatasi.

Kula, mwanangu. Mtu anayenyonyesha hali hesabu.

Mama yako


Nkubu,
25 Februari 2025

Mama,

Salamu nitazifupisha. Watoto ni wazima. Mimi siko mzima.

Nimetafuta. Jumapili alipopelekwa kanisani na mume wa Ann, nilibaki nikisema mtoto ana homa. Hakuwa na homa, Mungu anisamehe. Niliwasha kompyuta. Neno la siri ni jina la pikapu, nililijua bila kuambiwa. Kuna ukurasa unaoonyesha kila alichonunua na kuuza, na pembeni, kwa maandishi madogo, ada. Kununua, ada. Kuuza, ada. Kila siku moja karibu elfu moja na mia tano inaenda, apate au apoteze. Nilijumlisha nyuma ya kitabu cha kliniki cha wajina wako kwa sababu sikuwa na karatasi nyingine.

Alianza na laki moja na elfu tisini na sita. Zimebaki laki moja na elfu hamsini na nne. Na Mama, kwa biashara yenyewe hajapoteza sana, elfu kumi na moja tu. Elfu thelathini na moja ni za dalali. Ulikuwa umeliona ukiwa huko Ishiara unapepeta ndengu, na mimi niliyekaa hatua tatu kutoka kwa skrini sikuona.

Aliporudi nilimpa chai, nikamngoja anywe, nikamwekea kile kitabu mbele yake.

Alisoma. Alirudia kusoma. Akasema, "Umefungua kompyuta yangu."

"Nimefungua. Meza nimekata mimi."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza wiki nne. Unaniambia mzunguko. Huo mzunguko ni huu hapa."

Akakifunga kile kitabu, akanirudishia. Halafu akasema, taratibu kabisa, jambo ambalo limenitia hofu kuliko zile namba. "Basi kosa langu ni kununua kidogo kidogo. Ada inakula kwa sababu naingia mara nyingi. Nitaingia mara moja. Nitaweka zote, siku moja, mahali pamoja pazuri, nitoke kabla ya saa tisa."

"Zote?"

"Miraa huwezi kujaza nusu gari halafu ukimbie."

Nilimwambia hapana. Nilisema hapana mpaka Kananu akaja mlangoni kutuangalia. Nikamwambia hizo pesa zina majina ya watu, zina mia mbili ya mama Lorna anayeuza makaa. Akasema, "Unafikiri sijui? Unafikiri huwa nawaza nini nikiwa hapa?" Akaanza kulia, Mama. Salesio. Analia bila sauti akiangalia ukuta, na mimi nikawa namfuta uso kwa nepi safi, na bado nasema hapana.

Anasema anangoja siku nzuri. Anasoma magazeti ya biashara ambayo Njiru anamletea. Itakuwa wiki mbili hizi. Nimefikiria kuchukua watoto nije kwako, halafu nafikiria nani atamsaidia kuinuka chooni. Nimefikiria kumwaga maji kwenye ile kompyuta. Nina miaka ishirini na saba na nimefikiria mambo ya mtu mwendawazimu.

Nifanye nini?

Veronicah


Ishiara,
1 Machi 2025

Veronicah,

Usimwage maji kwenye kitu kilichonunuliwa. Na usije huku.

Nitakuja mimi. Jumatatu tarehe kumi nitapanda gari la kwanza. Nitalala kwa Ann, maana kulala nyumbani kwa mkwe siwezi hata dunia ikiisha, lakini mchana nitakuja kwako. Nitafika asubuhi na nitaondoka jioni, kila siku, mpaka Ijumaa. Na nitakaa sebuleni, mwanangu. Sitakaa jikoni.

Sasa fikiria. Mimi nikiwa sebuleni, Salesio atakaa wapi?

Mkwe wangu aliyenyeshewa kwa ng'ombe nikiwa ndani dakika ishirini, huyo hawezi kuingia nikiwa nimekaa. Atapata siku tano za kupoa kichwa. Ataona pesa zinaweza kulala na kuamka.

Watu wakisikia watasema nimekosa adabu. Waseme. Usimwambie ninakuja.

Mama yako


Nkubu,
19 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini ulifika salama na magoti yamesamehe ule mteremko wa kwa Ann. Kananu anakuuliza kila asubuhi. Anakaa pale ulipokuwa umekaa, anaweka mikono kwenye mapaja, anasema yeye ni cucu, yaani wewe bibi yake, na hakuna mtu kupita.

Sitasahau ile Jumatatu. Ulipobisha saa tano nilikuwa nimeinama kwenye karai la nguo, nikasikia kiti cha dereva kikilia ghafla, nikajua ameona ni nani. Alitafuta magongo yake kama mtu ambaye nyumba inaungua. Alikupa salamu akiwa amegeukia ukuta, akatoka kwa mlango wa nyuma bila koti. Na wewe ukaketi palepale kwenye kiti chake, bila kuuliza, ukatoa kitambaa chako cha kudarizi. Nilicheka nikiwa jikoni, Mama. Nilikuwa sijacheka tangu mwaka uanze.

Siku zote tano alikaa kwa ng'ombe na ile redio ndogo. Nilimpelekea chakula huko. Ann alisema Nkubu yote inajua kwamba Salesio amefukuzwa kwenye kompyuta na mama mkwe. Alisema kwa mapenzi.

Ulipokuwa unaondoka uliniuliza kama zilikaa. Zilikaa. Hakuna iliyouzwa hata moja ulipokuwa hapa.

Asante kwa kuja. Najua ulichoacha na ulichovunja ili uje.

Wajina wako ameanza kusimama akishikilia ile meza.

Mwanao,
Veronicah


Ishiara,
3 Aprili 2025

Veronicah mwanangu,

Nakusalimu kwa furaha. Mvua imegonga huku tangu juzi, tunapanda. Nyamu anakusalimu, na mke wake, ambaye sasa naye ananiuliza habari za hisa.

Barua yako ilikuwa fupi lakini nimeisoma mara nyingi. Nimeisomea hata wanawake wa kanisa, ile sehemu ya zilikaa. Usikasirike. Mtu akifanya jambo moja la maana akiwa na miaka sitini na nne anaruhusiwa kulisema. Wananiita Mama Hisa. Nimewaambia ni ndengu tu, ni kujua kuweka.

Sasa tarehe kumi na tano imekaribia. Najua hazijafika laki nne, lakini daktari akiona mtu ana zaidi ya theluthi na anaweka vizuri ataelewa. Nataka kujua mambo mawili. Kwanza zimefika ngapi. Pili ni siku gani hasa Salesio ataingia hospitali, maana nataka kuja kukaa na watoto. Yeye akiwa hayupo naweza hata kulala kwako. Nimemwachia Nyamu mbuzi. Nguo nimeshapanga.

Nijibu kwa Wambeti soko hili.

Mama yako


Ishiara,
11 Aprili 2025

Veronicah,

Wambeti amerudi mikono mitupu. Anasema alikuona sokoni ukapita upande mwingine. Wewe si mtoto wa kupita upande mwingine.

Kuna nini?

Mama yako


Nkubu,
22 Aprili 2025

Mama,

Nakusalimu. Natumaini Pasaka ilikuwa njema na mbegu zimeota. Watoto hawajambo. Naandika hii Salesio akiwa amelala, na yeye alikuwa amenikataza kuiandika. Jana ameniruhusu.

Nilipita upande mwingine kwa sababu ningemwambia Wambeti uongo, na ungeujua.

Nilikuandikia kwamba zilikaa na hakuna iliyouzwa. Hiyo ni kweli. Lakini sikukuambia yote. Ile Jumatatu uliyokuja, saa tatu asubuhi, Salesio alikuwa amefanya lile alilosema. Alikuwa ameweka zote, laki moja na elfu hamsini, kwa kampuni moja. Hakuniambia. Alipanga kutoka saa nane. Saa tano wewe ukabisha.

Jumanne asubuhi redio ikasema kampuni hiyo imepata hasara na haitagawa faida mwaka huu. Alikuwa kwa ng'ombe, akasikia. Akaniita. Alikuwa amesimama ameshika nguzo, rangi imemtoka.

Akasema, "Ingia uniuzie. Kitufe chekundu. Veronicah, nakuomba, ni kubonyeza tu."

"Mama amekaa."

"Ingia wewe. Wewe si mkwe, ni mtoto wake. Bonyeza."

Mama, ningeweza. Ulikuwa unadarizi, hungeuliza kitu. Lakini nilimwona anatokwa jasho kama kila siku, na nikafikiri ni yale yale. Nikamwambia, "Zilale. Mara moja maishani mwako, acha kitu kilale." Nilimwambia kwa sauti ngumu, kama ninavyomwambia Kananu. Angeweza kuingia. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kile kiti, na yeye alikuwa mlangoni kwa nyuma. Alishika kitasa, nilimwona. Akakiachilia akarudi kwa ng'ombe.

Zilishuka Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila siku nilimpelekea chakula na hakuniambia kitu, aliniuliza tu kama umekula. Jumatatu iliyofuata aliuza. Pamoja na zile chache alizokuwa amebakisha, jumla ni laki moja pungufu kidogo.

Nilipotaka kukuandikia ukweli alisema, "Hapana. Yule mama ameketi nyumbani kwangu siku tano, kitu ambacho kwao hakifanywi, kwa ajili ya mguu wangu. Hakuna mtu atakayemwambia." Ndiyo maana barua ilikuwa fupi. Halafu ukaandika kuhusu wanawake wa kanisa, na kuhusu nguo umepanga, nikashindwa kushika kalamu.

Tarehe kumi na tano tulienda. Tulikodi gari. Daktari alikuwa mpole. Alisema kwa pesa hizo hawezi kuagiza hiyo nyonga, na nafasi yetu amempa mtu mwingine aliyekuwa tayari. Alimpiga picha. Mfupa umeanza kujishika vile vibaya alivyosema. Atatengenezewa kiatu chenye soli nene kwa sababu mguu umefupika, na magongo hataacha. Nikamuuliza, "Na mwakani?" Akamwangalia Salesio, hakuniangalia mimi, akasema, "Mwakani tutaongea." Nimekaa na madaktari vya kutosha kujua maana yake.

Kwa hiyo hakuna siku ya hospitali, Mama. Ulitaka kujua siku gani. Hakuna.

Jumapili ya Pasaka aliomba kusimama kanisani. Nilimsihi asifanye. Alienda mbele na magongo, ikachukua muda hadi watu wakaacha kukohoa. Akasema, "Mlinichangia laki moja na nusu nipate mguu. Nimezipoteza kwa kompyuta. Si mke wangu, ni mimi." Hakukutaja. Hakutaja kitufe. Kuna mtu nyuma alisema kwa Kimeru kwamba afadhali angezitafuna, na wengine wakacheka. Mama Lorna wa makaa alilia. Mchungaji akaanzisha wimbo kabla ya saa yake.

Skrini na kompyuta Njiru amezichukua tena kwa nusu ya bei. Zilizobaki zote Salesio ameniwekea mkononi, akasema zifanyie unavyoona. Ninazo. Sijui nitazifanyia nini. Kila nikizihesabu naona ule mkono umeshika kitasa.

Sasa nisikilize, kwa sababu najua utakaa chooni na barua hii usitoke. Usijibebeshe peke yako. Wewe hukujua, ulikuja kwa sababu nilikulilia. Mimi ndiye niliyeambiwa bonyeza nikakataa. Na yeye ndiye aliyeziweka. Tuko watatu. Nimelifikiria usiku mwingi na haligawanyiki vizuri, lakini si lako lote, na sitakubali ulifanye lako lote. Wale wanawake waambie au usiwaambie. Mimi nisingewaambia.

Jana jioni nilimwambia Salesio kwamba nitakuandikia, akubali asikubali, kwa sababu umepanga nguo. Alimwangalia wajina wako akitembea kando ya ukuta. Halafu akasema nikuambie uje tu kama ulivyopanga. Nikamuuliza, "Utakaa wapi yeye akiwa ndani? Mvua za mwezi huu hazina utani."

Akasema nikuombe msamaha mapema, kwa sababu ukija atakuwa ameketi sebuleni, na safari hii hatainuka.

Mwanao,
Veronicah